Risiti ya Chakula cha Mchana

Kikao kiliandika daftarini kwa kalamu nyekundu:
Mweka hazina, chakula, siku moja, Dodoma: elfu sita.
Alete risiti.
Nikatia dole gumba, nikapanda gari la alfajiri
kutoka Kibakwe, bahasha ya usajili kifuani
kama mtoto mwenye homa.

Hadi saa saba nilikwisha kugongewa mihuri miwili.
Mwenye wa tatu, wakaniambia, yuko chakula.
Nikacheka: kumbe hata muhuri hula.

Ushauri nilikuwa nao gunia zima.
Shemeji Chilongani: usile karibu na stendi,
supu ya pale imeona jua la siku tatu.
Binti yangu Mbeleje: kale pizza, mama, uje utusimulie.
Mjumbe Masima, aliyefika Dodoma mara moja tu,
tena akiumwa jino:
penye foleni ndipo penye utamu.
Nilipoona foleni nikajipanga.
Ilikuwa ya kutolea pesa.

Upepo wa huku haubishi hodi.
Ulinijaza vumbi mdomoni,
kitu cha kwanza nilichokula mjini,
na hakikuwa na bei.

Nikasimama mbele ya hoteli ya vioo.
Ubao wa chaki za rangi: samaki mzima, elfu kumi na nane.
Nikahesabu. Samaki huyo ni hisa tisa za kikundi.
Nani atafune hisa tisa, ateme miiba?
Mlinzi akauliza, kwa adabu kabisa,
"Unamtafuta nani, mama?"
Ningesema nini? Natafuta ugali, baba?
Nikasema, "Nimekosea mlango."
Mlango sikuukosea.
Ni viatu vyangu vilivyoitikia kabla yangu.

Nikazunguka nyuma, penye mapipa na paka,
na hapo nikamwona mpishi wa hoteli ileile,
aproni nyeupe, kofia kaikunja mfukoni,
anatoka mlango wa uani, anavuka barabara
bila kutazama bajaji,
kama mtu anayevuka hapo kila siku ya Mungu.
Nikamfuata.
Sijawahi kumfuata mwanamume, mjini wala kijijini.
Siku hiyo nilifuata.

Turubai la bluu, benchi moja, sufuria tatu.
Mwanamke mwembamba wa mwili, mnene wa sauti,
akanimiminia maji ya uvuguvugu,
akangoja hadi nilipokung'uta tone la mwisho.
Hakuuliza namtafuta nani.
Aliuliza, "Uwele au sembe?"

Mpishi wa vioo alikula uwele na mlenda,
macho kayafumba nusu,
uzi wa mlenda ukimfuata kutoka bakuli hadi kidevuni,
na samaki wake wa hisa tisa
akimngoja ng'ambo.

Nami nikala.
Mlenda ule si kama wetu. Sisi tunatia karanga,
yeye mkono wake ulikuwa mzito wa magadi.
Nilikuwa natafuta neno la kuukosoa
nikajikuta nalamba kidole.
(Mbeleje asilisikie hili. Yeye nitamwambia
pizza ni mkate uliokaliwa.)

Elfu mbili na mia tano.
Nikaomba risiti.
Benchi zima likanyamaza, mpishi akaacha kutafuna.
"Risiti?"
"Kikao kimeandika."

Akachana kipande cha mfuko wa unga,
akaazima kalamu ya mpishi,
akaandika polepole, ulimi nje ya meno:

Ugali 1. Mlenda 1. Maji ya kunawa, bure.
Jumla 2,500.

Akafikiri. Akaongeza chini: Ameshiba.
Kisha akapangusa kidole kwenye masizi ya sufuria
akakibonyeza juu ya jina lake.

Nikauhesabu huo kuwa muhuri wa tatu.
Mwenye ule mwingine alirudi saa tisa unusu,
akinuka samaki.